Doyle, Minyororo, na Tarehe ya Madai Yangu

Nyie vijana mnaopita kwangu kuniuliza kama jeshi la akiba linalipa, na nyie mnaovuta matela ya mizigo huko Brampton mkidhani mgongo ni wa kudumu, leo nawaandikia wote kwa mpigo ili nisirudie. Swali lenu la malipo nitalijibu. Lakini nitaanza na minyororo, maana bila minyororo habari ya tarehe hamtaielewa.

Mzigo mzito juu ya lori la jeshi hufungwa kwa minyororo, na mnyororo hukazwa kwa kikazio, chuma chenye mkono mrefu unachokivuta umepiga magoti, kwa uzito wa mwili wote, mpaka kijifunge. Dereva mgeni anakaza mara moja, anapanda, anaondoka. Hajui kwamba mzigo ukitembea kidogo unajikalia, unashuka, na mnyororo uliokuwa umekaza sawasawa unaanza kucheza. Kwa hiyo unakwenda mwendo mfupi, unasimama, unashuka, unalizunguka lori, unakaza tena. Ile ya pili ndiyo kazi. Ile ya kwanza ni ya kujipa moyo tu.

Hayo sikuyasoma popote. Shule mimi niliishia la saba kule Tanga, na hapa Toronto nikaongeza madarasa ya jioni yaliyotosha tu kunipitisha mlango wa jeshi. Aliyenifundisha ni koplo mmoja anaitwa Doyle, mtu wa visiwani huko mashariki kabisa mwa Kanada, shingo nyekundu, mikono kama makasia, na Kiingereza ambacho hata Wazungu wenzake wa Toronto walikuwa wanamwambia arudie. Mimi nami walikuwa wananiambia nirudie. Tukajikuta tunaelewana sisi wawili tu, wengine wote wanatukodolea macho.

Somo lake la kwanza lilikuwa kushuka. Lori la jeshi ni refu, huruki chini kama unashuka kitandani. Unageuka, uso kwenye lori, mgongo nje, na wakati wote viungo vitatu viwe vimeshika: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Mimi na ujana wangu nikaona huo ni uzee. Siku ya tatu au ya nne nikaruka, chini kuna barafu, nikakaa kwa makalio mbele ya watu wote. Watu walivunjika mbavu. Doyle hakucheka. Alipanda kwenye lori lake, akaruka vilevile, akaanguka vilevile, akainuka anajipangusa theluji. Akaniambia, "Haya, tumeshaona wote wawili. Tusirudie tena."

Ndivyo alivyokuwa. Nimefanya kazi chini ya watu wengi wenye vyeo kuliko yeye na sijaona mwingine wa namna hiyo. Hakupiga kelele, hakukuaibisha, na kosa lako alilibeba nusu.

Tulipopelekwa Kandahari, Afghanistani, tukapangwa lori moja, mimi dereva, yeye dereva mwenza, na kesho yake tunabadilishana. Kwenye kibanda cha dereva mnakaa masaa na masaa, mtaongea nini? Nikamfundisha salamu. Ukiulizwa habari unajibu nzuri. Habari za nyumbani, nzuri. Habari za watoto, nzuri. Akaniuliza, na kama si nzuri? Nikamwambia nzuri inakuja kwanza, mengine yanafuata baadaye, huwezi kumwangushia mtu matatizo mlangoni.

Hakunielewa mpaka siku niliyopiga simu nyumbani, yeye yuko nyuma yangu kwenye foleni. Mama akapokea. Habari mama, nzuri mwanangu. Mko salama, salama tu. Baba hajambo? Hapo ndipo aliposema, "Tunashukuru Mungu, mwanangu, ila baba yako hatunaye. Tumemzika jana." Niliporudisha simu Doyle alikuwa ameiona sura yangu, akanisindikiza mpaka kwenye lori. Nilipomweleza mazungumzo yalivyokwenda, akasema, basi kwenu ukweli uko kwenye swali la tatu.

Toka siku hiyo, kila asubuhi kabla hatujawasha lori, aliniuliza mara tatu. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, lakini mara tatu. Hakuna aliyemwagiza.

Sasa nije kwenye shimo. Lori la mbele yetu lilikanyaga bomu. Sitawasimulia nilichokiona, wenzetu wawili waliokuwemo nawaachia wazazi wao wawataje. Zamu ilikuwa yangu, nikakata usukani, lori letu likatumbukia kwa pua kwenye korongo, ndilo shimo ninalolisema, na kiti kikanipiga kutoka chini mpaka nikahisi kitu kimekatika kiunoni, kama kuni kavu. Doyle alitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Mimi nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo ndilo lililoniponza.

Kwenye kituo cha matibabu kulikuwa na watu wameungua. Mimi nimekaa kwenye benchi na mwili mzima, naona haya hata kuwepo. Akaja daktari, Kapteni Prewitt, jina lake nalitaja na nitalitaja popote. Akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa, akauliza ninaendeleaje. Nikamjibu kwa Kiingereza kile ambacho ningemjibu mtu yeyote kwa Kiswahili: nzuri, nashukuru. Akaandika. Nilipofungua mdomo kuendelea, kitasa kilikuwa kimeshazunguka na mgongo wake unatokomea.

Nilikuwa bado sijamaliza salamu, wanangu.

Miezi ilipoisha tukafanyiwa uchunguzi wa kurudi nyumbani. Prewitt yuleyule, swali lilelile, jibu lilelile. Mtu aliyesomea miili ya watu miaka yote hiyo hakuwa na swali la pili, wakati Doyle, aliyesomea malori, alikuwa na la tatu.

Doyle alijua kwamba naumwa. Kesho yake baada ya shimo aliuliza mara tatu na nikamwambia kiuno. Nikamsihi asiseme, maana wangenirudisha na yeye angepewa mwenza mwingine, pengine mtoto asiyejua hata kushuka. Akasema sawa. Tukaendelea. Upande wa kulia nikakaza mimi, upande wa kushoto akakaza yeye, kama kawaida, na mara ya pili tulipozunguka kila mtu alikagua pote. Nilijivuna moyoni. Kiuno kinawaka moto lakini minyororo yangu haikulegea hata siku moja, mpaka tunarudi.

Huku nyumbani mwili ulinidai vyote. Jeshi likaniruhusu niondoke. Nikapata kazi kwenye ghala la vifurushi Brampton, nikashindwa kusimama zamu nzima, wakaniachisha. Likaja ghala jingine, Downsview, nako vilevile. Nikaomba fidia ya ulemavu, ile ya maveterani. Wakanikatalia. Barua ilisema kwa adabu kubwa kwamba kwenye faili langu la huko Kandahari nimeandikwa sina tatizo, tena mara mbili, na kwa hiyo hawaoni kama mgongo umetokana na kazi. Chini wakaandika kwamba nina haki ya kuomba uamuzi huo upitiwe upya.

Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu Msafiri, kaka yake mke wangu. Huyu bwana ana ofisi ndani ya gari lake. Anawajazia watu makaratasi ya uhamiaji, ya kodi, ya chochote kile, na anaongea kama aliyezaliwa ndani ya serikali. Akaichukua barua, akaipitia akiwa amesimama, akasema, "Shemeji, hilo faili limekufa. Usipoteze muda na mapitio. Subiri upate picha za mashine za mgongo, tuombe upya, faili jipya, jina safi." Nikamwamini. Ana tai, mimi nina kiuno.

Nikasubiri picha. Mnajua foleni za hapa. Ikapita miaka miwili na ushee. Katika miaka hiyo mke wangu Mwanaidi ndiye aliyekuwa anatoka asubuhi kwenda kiwandani, na mimi ndiye niliyebaki nyumbani nimelala chini sakafuni, maana kitanda sikukiweza. Na Msafiri huyuhuyu, kwenye arusi ya watu huko Richmond Hill, nimesimama nimeegemea ukuta kwa sababu viti vilinishinda, alisema mbele ya wanaume wenzangu kwamba shemeji yake jeshi limemfundisha kupumzika. Watu wakacheka kidogo, ule wa adabu. Mwanaidi alikuwa upande wa wanawake na maneno yakamfikia kabla hatujafika kwenye gari. Hakuniuliza. Na kutoniuliza kwake ndiko kulikoniuma kuliko maneno ya kaka yake, kwa sababu nilifahamu kwamba na yeye swali hilo analo.

Picha zikaja, tukaomba upya, wakakubali. Diski mbili za uti wa mgongo zimepondeka, hakuna ubishi tena. Nikafurahi mpaka niliposoma tarehe.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo mlipokuwa mnapangoja. Fidia haianzi siku uliyoumia. Haianzi siku ulipoanza kulala sakafuni. Inaanza siku ulipoomba, na yale malimbikizo, yaani malipo ya miezi iliyopita, yanahesabiwa kuanzia hapo. Kwangu mimi walihesabu kuanzia ombi la pili. Ile miaka miwili na ushee katikati ilifutika. Kwa macho ya serikali, na kwa macho ya Msafiri, na pengine kwa macho ya nyumbani kwangu, miaka ile nilikuwa mzima ninayelala.

Fedha ni fedha, sisemi sikuzitaka. Lakini nilichotaka ni ile tarehe. Nilitaka mtu mwenye mamlaka aandike kwamba siku ile ya arusi nilikuwa mgonjwa.

Veterani mmoja akanielekeza kwa mawakili wa bure wanaotetea maveterani. Nikapewa binti mmoja, Nasrin, wazazi wake Waismailia wa Arusha, kazaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia karibu chote ila akijibu ni Kiingereza, isipokuwa kile cha jikoni alichokipata kwa bibi yake. Aliniita Anko Selemani toka dakika ya kwanza. Nilipomweleza habari ya faili lililokufa, aliuliza nani amelizika. Nikamtaja. Akavuta pumzi, akasema neno moja la bibi yake ambalo sitaliandika.

Kisha akanieleza polepole, na mimi nawaeleza nyie. Ukikataliwa, usianze upya kabla hujauliza. Ukianza upya, umeanza na tarehe mpya. Ukiomba uamuzi wa kwanza upitiwe na ukashinda, unashinda na tarehe yake ya kwanza. Sheria ina kikomo cha miaka inayoweza kurudi nyuma, na huo ndio ubaya wa kusubiri, kila mwezi unaolala unaweza kukigonga kile kikomo. Mimi nilikuwa bado ndani, kwa shida. Uamuzi wa kwanza haukuwa umekufa. Ulikuwa umekaa tu unaningoja.

Lakini, akasema, tunahitaji kitu cha kuyajibu yale maandishi mawili ya Prewitt. Picha zinaonyesha mgongo ulivyo sasa. Nani anaweza kusema ulikuwaje kule?

Nikasema yuko mmoja.

Doyle alikuwa ameshahamia Downsview, anakaa peke yake ghorofa ya kwanza ya nyumba moja nyuma ya maghala. Nilimpigia simu, akauliza siku tu. Hakuuliza ni ya nini.

Usikilizaji wa shauri langu ulikuwa kwenye chumba cha mikutano cha kawaida, katikati ya mji, birika la maji mezani, jopo la watu wawili. Mmoja alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mnyororoni, mpole, lakini anakwenda moja kwa moja. Akaniuliza kitu kimoja tu cha maana: kama uliumia, kwa nini mara mbili ulisema huna tatizo? Nikaanza kueleza mambo ya salamu zetu na nikaona kabisa haziingii. Kwa Kiingereza changu ilionekana kama nasema kwamba kwetu watu hudanganya.

Ndipo Nasrin akamwita Doyle. Amevaa koti la suti lililombana mabega, nywele amezilaza kwa maji. Wakamuuliza alichokiona baada ya shimo. Akasema kwa utaratibu wake, na mimi nayaandika kama nilivyoyaelewa: "Huyu alikaza minyororo ya upande wa kulia kila siku. Kila siku nilingoja apande, nikazunguka, nikaikaza tena mimi. Haikuwa imekaza. Kabla ya shimo sikuwahi kufanya hivyo. Baada ya shimo nilifanya kila tulipotoka, mpaka tuliporudi nyumbani. Hakuwa na mgongo wa kuvuta kikazio."

Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake nikisikia hayo kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumbishia. Nawaambia kweli, nilitaka kunyanyua mkono niseme siyo, minyororo ile ilikuwa yangu. Miaka yote hiyo, kitu pekee nilichotoka nacho jeshini bila doa kilikuwa kwamba mzigo wangu haukulegea. Kumbe ulikuwa umefungwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ameninyamazia ili nibaki nacho.

Mama mwenye miwani akaandika, kisha akarudi palepale: lakini alimwambia daktari yuko sawa. Doyle akamwomba ruhusa aniulize yeye. Mama akafikiri, akasema endelea.

Doyle akageuka na kiti chake. "Habari, Sele?"

"Nzuri," nikasema.

Ilinitoka kabla sijaifikiri. Nipo mbele ya jopo, mgongo ndiyo kesi, kila kitu changu kiko mezani, na mimi nimesema nzuri. Nasrin alijifunika mdomo.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mgongo, je?"

Yakatoka. Yakatoka kwa Kiswahili, mfululizo, kama nilivyokuwa nimwambie Prewitt mlango ulipofungwa. Nikasema kuhusu viatu ambavyo mke wangu ananivalisha. Kuhusu sakafu. Kuhusu ukuta wa arusi. Nasrin akawatafsiria kwa Kiingereza, akitegemea Kiswahili chake cha jikoni, alipokwama alinitazama nami nikamsubiri, na hakuacha hata moja. Alipomaliza, mjumbe wa pili wa jopo, mwenzake yule mama, akasema tu kwamba angependa iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba shahidi aliuliza mara tatu.

Uamuzi ulikuja wiki kadhaa baadaye. Uamuzi wa kwanza ulitenguliwa, na tarehe ya kuanza kulipwa ikawa ya ombi la kwanza. Nilimpa Mwanaidi barua asome yeye, amesoma kunizidi. Akaisoma mpaka pale penye tarehe, akakaa kitandani. "Siku ya arusi iko ndani," akasema. Nikamwambia iko ndani. Akakunja barua, akaiweka kwenye mkoba wake wa kazini, na Jumapili alipokwenda kwa kaka yake alikwenda nayo. Sikumtuma. Kilichosemwa huko hajaniambia, ila Msafiri tukionana sasa ananisalimia yeye kwanza.

Hiyo ilikuwa habari nzuri, na mngetaka niishie hapo. Ipo nyingine.

Nilikwenda Downsview kumshukuru Doyle uso kwa uso. Nikampigia kutoka kwenye gari kwamba nipo chini, ashuke tukale. Mlango ukafunguka juu ya zile ngazi za nje za chuma. Akatoka, akageuka, uso kwenye ngazi, mgongo nje, mikono miwili kwenye vyuma, akaanza kushuka kinyumenyume, mguu mmoja, halafu mwingine unaletwa pembeni yake.

Nikacheka mwenyewe garini. Nikasema, mzee huyu, lori halimtoki mwilini. Halafu nikaangalia vizuri. Ule mguu wa kushoto haukunjiki. Na katikati ya ngazi alisimama, akaegemeza paji la uso kwenye chuma, kama mtu anayesali, kabla ya kuendelea.

Hapo nilifikiri juu ya minyororo. Upande wake ulikuwa kushoto. Na wa kulia pia. Kila tulipotoka, kila siku, mtu mmoja, pande mbili, amepiga magoti kwenye kokoto akivuta vikazio vya watu wawili.

Nikatoka kwenye gari, taratibu, kama ninavyoweza. Tukakutana chini ya ngazi.

"Habari, Doyle?"

"Nzuri," akasema.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, Sele. Twende, nina njaa."

Sikusogea. "Magoti, je?"

Akatazama pembeni, kule kwenye malori ya maghala yanakoingia na kutoka. Shingo yake nyekundu ikazidi wekundu. Nikamngoja, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kungoja.

"Mabaya," akasema.

Nikamuuliza kama ameomba fidia. Akatikisa kichwa. Akasema wapo walioumia zaidi yake, na yeye alitoka kwenye lile shimo na mkwaruzo tu.

Hatukwenda kula kwanza. Nilimwingiza garini, nikampigia Nasrin, nikamwambia nina mtu hapa, na nataka aandike tarehe ya leo.